Mparachichi Uliokuwa Haulali

Mwaka umezunguka, Baba Adrian, tangu ututoke, kahawa ya mwisho ikiwa bado kichanjani. Hadithi ya mparachichi ulinisimulia wewe mwenyewe, jioni ile uliyoupanda hapa kwetu Matiri, siku Adrian alipozaliwa. Mimi nimejilaza, sina nguvu, wewe una udongo mpaka viwikoni. Ukasema, "Mama Adrian, mti huu utakua pamoja na sisi. Kila jioni utasikiliza sauti zetu, na hautalala mpaka wa mwisho aingie ndani." Nikacheka. Nikakwambia ukanawe kwanza ndipo umshike mtoto.

Watoto wetu walilala kwa hadithi hiyo, na mjukuu wetu pia. Hukupita kwa jirani bila kuuliza hali ya mgonjwa wake, na ukirudi nyumbani uligonga shina kwa kiganja: "Nimeingia mimi, Leopold. Lala sasa." Devotha, mtoto wa Pankras wetu, ndiye aliyeujibia mti kwa sauti nene: "Haya, Babu, umechelewa!"

Ulipoondoka hatukutaka watu waseme shamba lako limekufa nawe. Mwezi wa tatu Pankras akafyeka, akalaza nyasi kwa miraba kama ulivyomfundisha. Mimi na mkewe Gaudiosa tukachimba ngolo, yale mashimo yetu ya kushika maji ya mvua, udongo wa kila shimo tukafukia nyasi, tukapanda maharage juu ya matuta. Hatukubakiza hata kipande. Tulichimba mpaka shinani pa mparachichi, pale ulipopaacha tambarare miaka yote. Tulidhani ulipaachia kigoda chako.

Mvua ikajaa mashimoni. Majani ya mparachichi yakawa ya njano, yakaanza kudondoka.

Devotha naye akaacha kulala. Tukimlaza anaamka, anakwenda kukaa mlangoni. "Bibi, mti unaumwa kwa sababu haulali. Babu hajaingia."

Nikimwambia Babu amepumzika kule kwenye kahawa tulikomzika, ananiuliza, "Mti umeambiwa na nani?"

Mtoto akakonda, shuleni anasinzia, uji anauangalia tu. Niliogopa, Baba Adrian. Niliona mti unakwenda na mtoto anaufuata, na wa kumwuliza ndiye wewe.

Wiki ya Pasaka Adrian akapanda kutoka Mbamba Bay na mfuko wa usipa, dagaa wa ziwani. Hata mzigo hajautua, akasimama pale shinani.

"Shikamoo, Mama. Nani amechimba ngolo mpaka huku? Mizizi inaoza kwa maji! Baba alikuwa ananikimbiza na fimbo kwa jambo hili."

Gaudiosa akamcheka. "Jamani, shemeji! Mtu wa samaki leo anatufundisha ngolo?"

"Samaki ndio wanaokaa majini, shemeji. Mparachichi hapana."

Pankras hakucheka. Alichukua jembe. Siku hiyo hiyo wakang'oa maharage, wakafukia mashimo, wakachimba mfereji maji yashuke bondeni. Pakarudi tambarare kama ulivyopaacha.

Mimi nikamshika Devotha mkono. Nikamwambia, "Mti haujaambiwa, ni kweli. Uambie wewe."

Akagonga shina kwa kiganja, kama wewe. "Babu yuko kule kwenye kahawa. Ameshalala. Usimngoje tena." Akasimama anasubiri. Kimya, maana anayejibu siku zote ni yeye. Basi mimi bibi kizee nikaitoa sauti nene kutoka tumboni: "Haya. Nimesikia."

Adrian akageuka upande. Gaudiosa akajifuta macho kwa khanga. Devotha akanitazama, akapiga miayo.

Leo tumetoka kwenye misa yako. Mparachichi umechipua, majani machanga ni mekundu kama kahawa mbivu. Kigoda chako tumekirudisha chini yake.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Kunigunda, wanao Adrian na Pankras, mkweo Gaudiosa, mjukuu wako Devotha, na majirani ambao bado wanasubiri upite uwajulie hali. Hutatoka mioyoni mwetu, leo wala kesho.

Jioni hii tumeingia mmoja mmoja, kila mtu amegonga shina na kutaja jina lake. Devotha amelala kabla sijamaliza hadithi. Mimi ndiye wa mwisho. Nimeingia, Baba Adrian. Nalala sasa.