Oveni Tuliyoikuta Jikoni

Jumatatu, 3 Februari

Miezi minne sikuandika humu. Ni uvivu, si ugonjwa. Mwanafunzi aliyeniletea udhuru kama huu nilimsimamisha nje ya mlango. Najitaka radhi, na naendelea.

Habari ni hizi. Nyumba ya marehemu baba tumerudishiwa. Wazee wa mtaa walikaa, wakasikiliza pande mbili, wakaamua. Mama mmoja wa Kisomali, aliyeishi humu miaka yote tuliyokuwa ukimbizini Mombasa, alipewa siku tatu. Alitoka na watoto wake, magodoro na masufuria. Alikabidhi ufunguo mbele ya wazee bila kunitazama. Oveni ya umeme aliiacha. Ni nzito na hana pa kuiweka.

Tunaishi wawili. Mimi, na dada yangu Mwanaesha, ambaye macho yake yamebakiwa na mwanga na vivuli tu.

Alasiri nilikwenda msikitini kufundisha darsa, kama kila siku. Nilirudi karibu na magharibi. Nilipopita jikoni niligusa mlango wa oveni. Ulikuwa na joto.

Nilimuuliza Mwanaesha. Alisema hakuiwasha.

Jumatano, 5 Februari

Nimeamua kuijua oveni hii kabla ya Ramadhani. Kitufe chake cha kuzungusha kina vituo vitano, na kila kituo kina alama. Taa. Mstari chini. Mistari miwili, juu na chini. Feni. Meno ya msumeno juu.

Mistari miwili niliifahamu mara moja. Ndiyo njia yetu: makaa chini ya sufuria, makaa juu ya kifuniko. Nikapiga unga wa mkate wa sinia, nikaumimina, nikafunika kwa bati zito, nikauweka sakafuni mwa oveni kama juu ya seredani ya makaa. Chini uliungua ukawa mweusi. Juu ulibaki uji.

Mwanaesha aliuonja kwa kidole. "Kaka, moto wa juu uko tayari huko ndani, nawe umeufungia mlango. Utapita wapi?"

Kweli. Bati la kufunika halina kazi humo, na chombo hukaa kwenye wavu wa katikati. Niliona haya.

Alama ya taa nilidhani ni moto mdogo kabisa. Niliweka unga wa mofa, ule mkate wa mtama, saa nzima. Ni taa tu.

Alhamisi, 6 Februari

Joto tena baada ya darsa. Dogo, kama la kitanda alichotoka mtu sasa hivi. Labda oveni ina saa ya kujiwasha. Niliikagua mbele na nyuma. Haina.

Trei ilikuwa imesimamishwa, imeegemea ukuta, uso wake ukutani. Sisi hulaza trei.

Ijumaa, 7 Februari

Kabla ya kutoka niling'oa plagi, nikaizungushia waya mara tatu. Niliporudi plagi ilikuwa nje ya soketi, waya umezungushwa mara tatu. Oveni ilikuwa na joto.

Niliogopa. Naandika neno hilo kama lilivyo. Nilisoma Ayatul Kursi mlangoni mwa jiko, na sauti yangu haikuwa nzuri.

Chakula cha jioni kilikuwa samaki na mkate. Mkate mzuri, wenye habasoda. Niliusifu. Baada ya kulala kidogo nilikumbuka kuwa nyumbani mwetu hatutii habasoda.

Jumamosi, 8 Februari

Leo niliwasha feni kwa mkate wa mayai. Kabla sijaufunga mlango Mwanaesha alisema kutoka kibarazani, "Hicho ni kituo cha nne. Feni hupeperusha moto pande zote, mkate wa mayai utakauka. Rudi cha tatu. Cha nne weka samaki, au trei mbili kwa pamoja, na upunguze moto."

Nilirudi cha tatu. Mkate ulitoka vizuri kuliko yote niliyowahi kupika.

Akaendelea bila kuulizwa. Cha pili, moto wa chini peke yake, ni cha kumalizia mofa ambayo tako lake limebaki bichi. Cha tano, meno ya msumeno, ni moto mkali wa juu, wa kubabua samaki ngozi. Usiondoke ukaenda kusali sunna, utakuta mkaa.

Alikuwa akihesabu mlio wa kitufe. Tak, tak, tak. Lakini alama hawezi kuziona, mimi sikumsomea, na kabla ya nyumba hii hajawahi kugusa oveni. Nilimuuliza kajuaje.

"Nimehesabishwa."

Na nani? Aliniuliza kama nimekunywa dawa yangu ya presha.

Nimehofia akili yake. Nimehofia zaidi kwamba akili yake ni nzima.

Jumanne, 11 Februari

Mlango wa oveni haufungi sawasawa. Mimi huusukuma kwa mkono, nao huachia upenyo. Leo nilimwona Mwanaesha akiubana kwa goti, kona ya kushoto, chini. Ukalia mara moja, ukafunga. Goti lilikwenda lenyewe.

Jambo hilo halimo katika kitabu chochote. Hulijua mtu aliyeubana mlango huo miaka mingi.

Nikakaa chini. Nikamuuliza upya, kwa maneno kamili: ni nani huingia jikoni mwangu nikiwa msikitini?

"Ni yule mama."

Mama yupi?

"Mwenye oveni. Ulipouliza kama nimewasha, nilikwambia sikuwasha. Hukuuliza nani kawasha."

Huja alasiri kwa mlango wa uani. Ana ufunguo wa pili. Huchomeka plagi, huoka mikate yake, huirudisha plagi alivyoikuta, huondoka. Siku ya kwanza Mwanaesha alidhani ni jirani. Siku ya pili alimjua. Wanazungumza Kisomali. Sasa anakaa kwenye vibanda vya mabati nje ya mji. Mikate huiuza huko, ndiyo riziki ya watoto. Mmoja hutuachia.

Nimekula mkate wake mezani pangu, na nimeusifu.

Nilimuuliza kwa nini alinificha. Alisema kwa lahaja yetu, ambamo mtu huitwa mchu, "Mchu akaa nami, anishika mkono, anihesabia. Wewe wanisahihisha tu."

Alhamisi, 13 Februari

Sikwenda darsa. Nilituma udhuru wa uongo, wa kwanza katika miaka mingi. Nilikaa jikoni, kiti kikiukabili mlango wa uani. Mwanaesha alikataa kukaa nami.

Alasiri ilipita. Nje palikuwa kimya. Hata kuku hawakulia. Kisha ufunguo uliingia kwenye kitasa. Polepole, kama wa mtu anayejua watoto wamelala ndani. Ulizunguka nusu, ukasimama.

Sikukohoa. Sikusogea. Bado alijua.

Chini ya mlango niliona kivuli cha miguu miwili. Kati yetu palikuwa na ubao tu. Nilimsikia akivuta pumzi, na harufu ya habasoda ikapenya. Nilikuwa nimetunga maneno tangu asubuhi, fasaha, yenye haki yote upande wangu. Nilibaki nikikitazama kile kivuli.

Ufunguo ulirudi nusu, ukachomolewa. Kivuli kikaondoka.

Nilijiona mimi ndiye niliyeingia nyumba ya watu kwa siri.

Ijumaa, 14 Februari

Mwanangu Athumani alipiga simu kutoka Mombasa. Nilimweleza. "Baba, badilisha kitasa leo hii. Leo oveni, kesho chumba, kesho kutwa nyumba. Tumeilia miaka mingapi?"

Ana haki. Anayeingia kwa ufunguo wake anaweza kusema kwamba hakutoka. Nyumba hii ndiyo kitu pekee cha baba kilichobaki, na mimi ni mzee. Nimemwita fundi aje Jumatatu.

Mwanaesha alisikia yote. Alisema kwa upole, "Ukibadilisha kitasa, nipeleke kisiwani Chovai, kwa jamaa zetu wana wa Bwanashee. Huko nitakaa gizani na watu wanaozungumza." Chovai hakuna daktari. Dawa zake za macho hazifiki huko. Anajua hayo vizuri kuliko mimi.

Jumapili, 16 Februari

Nilikwenda darsa makusudi. Nilikaa mpaka magharibi, ingawa wanafunzi waliondoka mapema. Niliporudi oveni ilikuwa baridi. Jana pia ilikuwa baridi.

Mwanaesha alikuwa ameketi mbele ya oveni, kiganja juu ya mlango wake.

Jumatatu, 17 Februari

Fundi alikuja, akapima mlango wa uani, akatoa kitasa kipya. Nilimwambia akiache mezani, arudi Jumamosi. Aliniuliza kama bei imenikera. Hapana.

Alasiri nilioka mwenyewe. Kituo cha tatu, wavu wa katikati, bila kufunika, goti kwenye kona. Mkate umeiva juu na chini. Tumekula nusu.

Kitasa kiko mbele yangu ninapoandika. Kimekuja na funguo tatu kwenye pete moja. Sisi tuko wawili. Wa tatu nimeutoa kwenye pete, nimeuweka kando, nimeurudisha, nimeutoa tena.

Sijui kwenye vibanda nitamuulizia yule mama kwa jina gani. Jina lake sikuwahi kuuliza.

Nikishaamua, nitaandika.