Mafuta Yakinyamaza, Wifi

Wifi yangu Kokutona,

Huko uliko unacheka, najua: na huyu naye anaandika! Ndiyo, naandika. Kile kisomo cha watu wazima ulichonisukumia kama mbuzi asiyetaka mnada kimezaa herufi hizi zilizopinda. Zisome hivyo hivyo.

Mumeo, kaka yangu, anajipikia ndizi mwenyewe. Anaziunguza, anazila, analia kidogo. Nampelekea chakula, anasema si kama chako. Mjinga. Nani alisema ni kama chako?

Lakini nimekuandikia habari ya mafuta.

Duka la kijiji bado ni tupu, kwa hiyo taa ya altareni inatutegemea sisi akina mama na karanga zetu za shamba la ujamaa. Kukaanga, kutwanga, kukanda na maji ya moto, kuengua mafuta yanayopanda juu: hapo kila mtu ni fundi. Kazi ni kuyachemsha tena na chumvi kidogo mpaka maji yaliyojificha ndani yaishe. Hapo ndipo ulipokuwa ukitukemea, "Fungeni midomo, waitu, ndugu zangu, mafuta bado yanasema!" Unainamisha sikio. Yakinyamaza, chungu kinashuka, yanatulia, mashapo yanazama, ndipo tunachuja kwa kitambaa.

Misa ya kukuombea ikakaribia. Nani wa kusikiliza? Wote wakanitazama mimi. Wewe peke yako ulijua masikio yangu yanaziba. Hukunitangaza; mafuta yakiwa tayari ulinikanyaga mguu tu, nami nikatikisa kichwa kama mjuzi. Basi nikajifanya nasikia. Nikasema, "Shusheni."

Ijumaa katekista akaijaribu taa. Ikatatarika, ikafuka moshi, ikazimika. Mafuta yalikuwa bado na maji. Taa ya misa yako, Kokutona! Nililia kuliko nilivyolia kaburini.

Anastela, mkwe wako mwenye mdomo, akaniambia, "Shangazi, kama husikii, si useme?"

"Sisikii! Haya, umefurahi?"

Hakufurahi. Alinishika mkono, akawasha moto upya.

Nikachukua mwiko wako, ule ulioliwa upande mmoja, nikautumbukiza chunguni, nikauma mpini wake. Wenzetu wakavunjika mbavu: "Leo bibi anakula mwiko!" Wacha wacheke. Mtetemo ulipanda na mti, ukaingia menoni, ukafika tayani. Yalikuwa yanasema, wifi! Yakasema sana, yakanong'ona, kisha... kimya. Nikainua mkono. Anastela alikuwa ameinamisha sikio kama wewe, shingo ile ile, wala hamkuzaliwa tumbo moja.

"Ndiyo, Shangazi," akasema. "Sasa."

Jumapili taa yako iliwaka, haikutoa hata uzi wa moshi. Kaka yangu aliikazia macho misa nzima. Mahubiri sidhani kama aliyasikia, na mimi ndiyo usiniulize.

Pumzika, mpenzi wangu mkali. Kaka yangu sitamwacha ale ndizi za kuungua, na taa haitakosa mafuta safi nikiwa hai. Mwiko wako siurudishi. Meno yangu si mengi, nayo yataisha. Lakini Anastela anakaa kulia kwangu pale chunguni, na mguu wa kukanyaga nimekwisha kumwonyesha.