Pua ya Baba Limi

Jumamosi, Bariadi. Jua kali tangu asubuhi, na mimi nimeamka na roho chafu.

Mume wangu ni karani wa kununua pamba kule Sapiwi. Tangu soko lifunguliwe na makampuni binafsi yaanze kugombania wakulima, kazi yake ni pua. Anachomoa pamba katikati ya robota, ananusa, iliyovunda anairudisha. Wiki hii tajiri wake amekuta marobota yamevunda hadi ndani. Mtaani wanasema baba Limi kala rushwa.

Yeye anasema hasikii harufu tangu alipoanguka na baiskeli akajigonga kisogo.

Mimi nafundisha baiolojia, najua inawezekana. Nyuzi za harufu hutoka puani, hupenya vitundu vya mfupa hadi chini ya ubongo wa mbele, na kutoka hapo habari hufika kwenye kumbukumbu na hisia. Kichwa kikitikisika vibaya, nyuzi zinakatika. Lakini kila jioni namwona anamwinamia mtoto wetu Limi, anamnusa utosini. Asiyesikia harufu ananusa nini?

Sikumwamini hata kidogo.

Leo nimemtega. Nilimfunga macho kwa khanga, nikampitishia kahawa, kisha samli.

“Yaya,” akakataa kwa Kisukuma. “Hakuna kitu, mama Limi.”

Nikafungua kichupa cha amonia nilichokiazima maabara ya shule. Akaruka, machozi yanamtoka.

“Inachoma! Unataka kuniua?”

Nimekukamata, nikasema moyoni. Nikaingia chumbani kufungasha nguo zangu nirudi kwetu Mwanhuzi.

Nikiwa nakunja nguo ndipo nikakumbuka ninachowafundisha watoto wa watu. Mchomo haupiti njia moja na harufu. Amonia, kama moshi wa pilipili, huwasha mshipa wa fahamu unaopeleka hisia za uso kwenye ubongo, na huo kwake ni mzima. Mwongo angejikaza aseme hasikii hata mchomo. Huyu hakujua kama kuna cha kuficha.

Aibu imenishika hadi sasa.

Nilipotoka nje alikuwa amempakata Limi, pua imezama kwenye nywele zake. Anavuta pumzi, anatulia, anavuta tena. Nikamuuliza anafanya nini.

“Namtafuta,” akasema.

Jumatatu naenda naye kwa tajiri wake, na kichupa changu mkononi, nimpime mbele yao. Wakiniuliza kwa nini tumwamini, nitawaambia mimi mwenyewe sikumwamini.