Punje Nne Nne za Msitu Wetu

Mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam

Kaka Mbaraka,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mguu umepona, na shemeji Zuhura na watoto hawajambo. Mimi nina uzima wa mwili tu. Moyoni nina hasira, na nyingine ni juu yako, unisamehe.

Wale wataalamu waliokuja kupanga matumizi ya msitu waliwapa punje ishirini za mahindi, wakachora maduara matano chini: mbao, maji, nyuki, wanyama, makaburi. Mkaambiwa wekeni nyingi penye thamani zaidi. Na wewe mwenyekiti wa kamati, kwa kuogopa mtu asije akanuna, ukagawa nne nne kama unapakua pilau ya maulidi. Nasikia mlipigiwa makofi. Mchelea mwana kulia hulia yeye, kaka.

Karatasi yenu ililetwa ofisini kwetu Upanga, na aliyeiingiza kwenye kompyuta ni mimi. Wafanyabiashara wa mbao wa huku mjini nao walipewa punje zao. Hawakuona haya, kumi na sita wameweka kwenye mbao! Ukijumlisha, zenu hazisemi kitu, zao zinasema. Bonde la chemchemi, alikolala mama, limeangukia eneo la kuvuna miti.

Nilimfuata bosi nikamwambia kwetu kugawa sawasawa ni adabu, si jibu. Akacheka.

"Sasa Somoe, mimi nifanyeje? Wenyewe wamesema vyote sawa. Hii njia ya kitaalamu, haimpendelei mtu."

Nikarudi kwenye kiti changu nikachapa ramani. Halafu nikaenda kulia chooni. Siku hizi nikipita karakana za hapa mtaani nikasikia msumeno, nasaga meno.

Na sasa wameniteua mimi nije kuwasomea matokeo, eti kwa kuwa ni mwenyeji. Kabla ya saini, mkutano wa kijiji una haki ya kukataa na kudai punje zipangwe upya. Bosi atakuwepo, nami nitausifia mpango huo mbele yenu, maana kazi hii ndiyo inayonilisha.

Nisalimie shangazi mfuga nyuki, na mjomba imamu aniombee dua. Shemeji mwambie asinichinjie kuku. Nikimaliza kusoma, simama wewe wa kwanza useme hatutaki, watu wote wasikie, na usinistahi.

Mdogo wako,
Somoe