Nimeifuta Njia ya Mama Mkwe

Mpendwa Bi Shamimu, shikamoo. Naomba msaada wako, na ukiweza nijibu mapema, maana mawingu yameshaanza kukaa mlimani na mimi moyo wangu hautulii hata kidogo.

Naitwa Nickson, naishi Mikumi na mke wangu Joyce na mtoto wetu mchanga, na kazi yangu ni kuongoza wageni wanaotembea na pikipiki, leo tunaingia Zombo, kesho tunatokea Kilosa mjini, na kwenye usukani wa pikipiki yangu kuna kifaa cha GPS cha kampuni ambacho ndicho kinaonyesha pa kupita, na mwenzangu wa ofisini anaitwa Boniface ndiye anayepakia njia hizo kutoka kwenye kompyuta kabla wageni hawajafika. Sasa kifaa hiki kina kikomo chake, hakibebi kila kitu, ukishakijaza kinakwambia nafasi haitoshi na huwezi kuongeza hata njia ya kwenda dukani mpaka ufute nyingine.

Joyce kwao ni Vidunda, kijiji cha juu mlimani. Masika iliyopita barabara ya kupandia huko iliporomoka, watu wakakaa juu siku nyingi hakuna kushuka wala kupanda, na ndipo mama mkwe wangu, Mama Hildegarda, akanipigia simu akasema kuna njia ya zamani inayopita migombani, inazunguka nyuma ya yale maporomoko, pikipiki inapita kama dereva anajua pa kukata kona, njoo nikuonyeshe uiweke kwenye mashine yako. Barabara ilipotengenezwa nikaenda. Lakini Bi Shamimu wewe ni mtu mzima unajua, mama mkwe hawezi kupanda nyuma ya pikipiki ya mkwewe, atashika wapi? Kwa hiyo yeye akatangulia kwa miguu na mimi nikamfuata kwa mbali kidogo na gia namba moja, kutwa nzima, pikipiki imechemka, klachi inanuka, na kila nyumba mama anasimama, anapiga hodi, anasalimia, anaulizia wagonjwa, anaulizia mbuzi aliyezaa, kisha ananyoosha mkono kwangu anasema, "Huyu ni mkwe wangu, naandikisha njia." Na kifaa muda wote kinaendelea kuweka alama, maana kile kinaweka alama kila baada ya sekunde chache, hakijui kama unakwenda au umesimama unasikiliza habari za mbuzi.

Boniface alipoifungua kwenye kompyuta alicheka sana. Akasema, "Kaka, hii njia moja imekula nafasi kuliko ziara zetu zote za Kilosa. Na haya mafundo ya alama hapa ni nini?" Nikamwambia hapo mama alikuwa anasalimia.

Basi wiki mbili zilizopita wageni wameshavaa helmeti, injini zinaunguruma, Boniface anapakia njia yao kifaa kinakataa, nafasi hakuna, mkuu wetu anatutazama, na mimi nikaangalia ni kipi kikubwa nikifute tupate nafasi haraka, nikaona njia ya Vidunda, kifaa kikaniuliza una hakika, nikabonyeza ndiyo, nikijua nakala ipo ofisini. Tuliporudi ndipo Boniface akaniambia ile kompyuta ilifutwa yote ikapigwa Windows upya mwezi uliopita na mafaili ya zamani hayakuhamishwa. Hakuna nakala popote. Nimejaribu kuikumbuka kichwani lakini mle migombani kuna njia panda zinafanana zote, na siku ile mimi nilikuwa nautazama mgongo wa mama, sikuwa natazama njia.

Sasa tatizo langu ni hili. Mama mkwe anajivunia hiyo njia kuliko kitu chochote. Kwenye jumuiya anawaambia wenzake kwamba hata akizikwa kesho yeye yumo kwenye mashine ya mkwewe. Hata shemeji yangu Lea, mdogo wake Joyce, ambaye ana ujauzito na atajifungua masika hii, mume wake alikuwa ameshampatia chumba huku chini karibu na zahanati akae asubiri, lakini mama akakataa, akasema gharama ya nini wakati Nickson anayo njia, mvua ikikata barabara atakuja kumchukua. Na Jumapili ijayo mama anakuja Mikumi kwenye ubatizo wa mtoto wetu, na ameshamwambia Joyce kwamba akifika anataka aonyeshwe njia yake, na jirani zake wawili wanakuja naye waione.

Boniface ananiambia nimwonyeshe njia ya Zombo tu, kwenye kioo kile kidogo njia zote ni mstari unaopindapinda, mama hatajua. Joyce sijamwambia lolote. Naogopa mama ataona nimemdharau, kwamba nilihitaji nafasi nikaona yeye ndiye wa kutupwa, na kusema kweli ndivyo ilivyokuwa. Nampenda yule mama, hajawahi kunivunjia heshima tangu nimwoe binti yake. Je, nimwonyeshe ile ya Zombo ubatizo upite kwa amani, kisha nitafute namna baadaye? Nisaidie, ndugu yako nimekwama.

Nickson, Mikumi

Bi Shamimu anajibu

Marahaba, Nickson mwanangu. Nimecheka kwenye habari za mbuzi, sikufichi. Kisha nikafika kwa Lea, nikaacha kucheka, nikairudia sehemu ile ili nihakikishe nimesoma sawasawa.

Wewe umeniandikia karatasi nzima kuhusu aibu yako mbele ya mama mkwe, na katikati yake, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, umesema kuna mjamzito aliyeachishwa chumba karibu na zahanati kwa sababu wewe unayo njia. Njia huna! Huna leo, hukuwa nayo wiki iliyopita, na watu wa Vidunda wamelala wakijua unayo. Hilo ndilo tatizo lako, na ndilo la kushughulikia kabla ya lingine lolote. Ubatizo hauna shida, mtoto atabatizwa tu.

Kuhusu ushauri wa Boniface, mwambie nimemsikia na nimemkatalia. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, nawe unataka kuipita na jirani wawili wakiwa mashahidi? Mama yule ametembea huko tangu akiwa binti. Ataweka kidole kwenye kioo akuulize hapa si ndipo kile kijito, na kule nyumbani kwa fulani ni wapi, nawe utajibu nini, kwamba kijito kimehamia Zombo? Na tuseme basi hakugundua. Amerudi mlimani amefurahi, mvua imenyesha, barabara imekatika, uchungu umeshika, simu inalia kwako. Utapanda na mstari wa Zombo?

Nakuonea huruma, usidhani nakuchapa kwa raha. Kifaa kujaa si kosa la mtu. Hata kabati la vyombo hujaa, na mwenye nyumba lazima achague kinachotoka. Lakini hukuuliza nakala ipo kweli au haipo. Ulibonyeza kwanza kwa sababu bosi alikuwa anatazama, ukaja kujua mliporudi. Na tangu hapo umekaa wiki mbili unatafuta namna ya kuficha, wakati mawingu unayaona mwenyewe. Mficha uchi hazai, Nickson.

Sasa nisikilize. Leo hii, kabla hujala, mwambie Joyce. Mkeo asikie kwako, asije kusikia kwa Boniface akimsimulia mtu mwingine kama kichekesho. Yeye ndiye anayemjua mama yake anakasirikaje na anapoa saa ngapi.

Lea ashuke kabla mvua haijaanza. Kama kile chumba kimeshapangishwa mtu mwingine, nyumba yako ya Mikumi ina sebule, na dada yake yupo. Hata kama kesho ungeipata ile njia ikiwa safi kabisa, mjamzito hawekwi rehani kwa kifaa cha betri. Njia ile ni ya kumchukua aliyeumwa ghafla. Ambaye tarehe zake zinajulikana hasubiriwi akwame.

Kisha njia irekodiwe upya, juma hilihili, ardhi ikiwa bado kavu. Na safari hii mama asitembezwe kutwa juani. Mkwe asimbebe mama mkwe, sawa, ni heshima na ibaki hivyo, lakini stendi ya Mikumi imejaa bodaboda na sidhani kama wote wameoa kwa Mama Hildegarda. Mchukue mmoja aliye makini, ampakie mama, watangulie, wewe ufuate nyuma. Hili ungeliwaza tangu mwanzo, wala klachi yako isingenuka. Na macho yako safari hii yawe njiani. Kila penye njia panda simama, itazame, itie kichwani.

Nimemuuliza mtu anayevijua vifaa hivi, akaniambia kifaa chako kinaweza kurekebishwa kiweke alama kwa umbali uliokwenda badala ya sekunde zilizopita, hivyo mama akisimama kusalimia nacho kinapumzika. Boniface anaweza pia kupunguza alama kwenye kompyuta na mstari ukabaki uleule, ila asipunguze kwa pupa, kwa sababu kona zikiliwa kifaa kitanyoosha mstari na kukutupa korongoni. Nakala moja ikae ofisini, nyingine kwenye simu yako, nyingine kwenye simu ya Joyce. Njia za wageni zipakieni za wiki husika tu, wakiondoka zifutwe, wao hawarudi kudai. Ya Vidunda ikae.

Limebaki la mama. Atakasirika, na ana haki. Akikuuliza kwa nini ulimtoa yeye ukawaacha wageni, usimweleze habari za memori. Mwambie ulikuwa na haraka ukakosea. Akinyamaza, nyamaza nawe. Akisema hataki tena kukuonyesha, vumilia, Joyce ataongea naye, na nina hakika atakubali, maana yule mama hakuipita njia ile ili aonekane kwenye kioo. Aliipita ili wanawe wasife mlimani. Kujisifu alijisifu baadaye, na nani asingejisifu?

Usisubiri Jumapili umwambie mbele ya jirani zake. Chukua simu sasa. Msalimie, ngoja aitikie marahaba, na kabla hajaanza kuuliza habari za mtoto useme, "Mama, ile njia nimeipoteza. Lea asinisubiri mimi."