Sina Undugu na Mama Ngalula

Jumapili, saa tisa mchana. Mvua imenyesha tangu tulipotoka misa na bado haijaamua kuacha. Umeme hakuna, simu imebaki na chaji nusu. Malori ya madini yanapita mbele ya nyumba polepole kwenye tope, na angalau leo hayatuletei vumbi.

Kichwa changu kimevurugika. Naandika kwa sababu nikiendelea kuongea peke yangu, dada ninayepanga naye ataanza kuniombea kwa sauti, na huyo akianza kuomba hamalizi.

Kwa asiyenijua: mimi ni karani wa jaji wa mahakama ya rufaa hapa Kolwezi. Si yule karani wa kugonga mihuri. Kazi yangu ni kusoma mafaili kabla ya jaji, kumfupishia kurasa mia ziwe tatu, na kumwandikia rasimu ya kwanza ya hukumu. Yeye anaifuta nusu kwa kalamu nyekundu, nami narudia. Nina miezi saba tu kazini. Naipenda kazi hii kuliko ninavyowaambia watu, maana nikisema napenda kuandika hukumu wananitazama kama mgonjwa.

Alhamisi jaji alinipa faili jembamba.

“Ngalula, hii iko nyepesi,” alisema. “Appel ilichelewa. Andika page mbili, tunamaliza.”

Rufaa iliyochelewa hutupwa bila kusikilizwa. Nilifurahi. Nani hapendi kesi nyepesi karibu na mwisho wa juma? Nikaketi, nikafungua, nikasoma jina la mama aliyekata rufaa: Ngalula, mjane. Hilo halikunishtua. Sisi wenye asili ya Kasai tumejaza mji huu na akina Ngalula. Ukiita jina hilo sokoni, watageuka watano. Kilichonishtua ni anwani. Nyumba ile ya matofali, yenye mparachichi uani, naijua kuliko nyumba niliyozaliwa.

Niliyepewa jina lake ni huyo.

Kwetu mtu uliyepewa jina lake anaitwa shakena, na si jambo la kuchekesha watu kwenye sherehe tu. Mama Ngalula alikuwa jirani yetu. Ndiye aliyekaa na mama yangu siku mbili nilipogoma kuzaliwa, na nilipotoka mama akasema jina limeshapatikana. Tangu hapo mimi ni yeye. Watoto wake, watu wazima wenye ndevu, wananiita “mama” na wananisalimia kwa adabu. Marehemu mume wake, Tata Kalala, tata kwetu ni baba, aliniita “bibi yangu”, yaani mke wake, tangu nikiwa natambaa, na kila Krismasi alinunua vitenge viwili vya aina moja, kimoja cha mke wake na kimoja changu. Alipokufa, walinikalisha kwenye mkeka wa mjane, ubavuni mwa Mama Ngalula, na watu wakaja kutupa pole sisi wawili.

Baada ya msiba vikaja vita vya nyumba. Mdogo wa marehemu anasema nyumba ni ya ukoo. Mama Ngalula anasema ni yake na mume wake, waliijenga pamoja tofali kwa tofali. Mahakama ya kwanza ilimpa ushindi shemeji. Nilijua kwamba Mama Ngalula amekata rufaa. Nilijiambia faili litaangukia kwa jaji mwingine, na sikuuliza tena. Huo ni uoga, najua.

Basi Alhamisi nikageuza kurasa hadi nikafika kwenye ile karatasi ya mpeleka hati, yule mtu wa mahakama anayewapelekea watu hukumu zao nyumbani. Siku thelathini za kukata rufaa zinahesabiwa kuanzia hapo. Alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri kabisa: “Nikiwa nyumbani kwake, nikiongea na yeye mwenyewe.” Chini yake kuna sahihi. Ngalula, na mkia mrefu kwenye herufi ya mwisho.

Mkia ule ni wangu.

Niieleze siku yenyewe, labda nikiiandika itapungua uzito. Mama Ngalula alikuwa ameenda Dilolo, mbali na hapa, binti yake amejifungua kwa shida. Mimi nilikuwa nimemaliza masomo ya sheria, sina kazi, na nilikuwa naenda kila siku kumfagilia uwanja na kufungua madirisha. Mpeleka hati akafika na pikipiki, kofia kichwani, haraka nyingi. Akauliza, “Ngalula njo wewe?” Nikajibu, “Njo mi,” yaani ndimi. Sikudanganya. Mlangoni pale nimejibu hivyo maisha yangu yote. Nimempokelea vifurushi, nimempokelea wageni wa parokia, nimempokelea hata mbuzi wa mahari ya binti yake. Akaninyooshea karatasi, nikasaini, akaondoka.

Mwanasheria mwenye diploma, nikasaini bila kusoma alichoandika kwenye nakala yake. Wenzangu wa darasani wakisikia watacheka hadi walie.

Nilimpigia Mama Ngalula mara tatu. Mara ya tatu nikampata, mtandao unakatika, mtoto analia, na mama wa mtoto bado yuko hospitali hali mbaya. Nikasema kuna karatasi imefika. Akasema niiweke, ataiona akirudi. Nikaiweka kabatini pamoja na sahani. Sikumwambia kuwa siku zinahesabiwa. Nilijua zinahesabiwa. Niliona haya kumsumbua mtu aliyekaa na mgonjwa kwa habari za tarehe, na nilijidanganya kwamba akirudi ataeleza kuwa hakuwepo na watamwelewa. Alirudi zikiwa zimeshapita.

Hayo ndiyo yalikuwa kwenye meza yangu Alhamisi. Nikafanya nini? Niliandika. Ndiyo, mimi huyu. Nilichapa nusu ukurasa wa kusema rufaa imechelewa, na niliuchapa vizuri, na kwa dakika chache niliona fahari kwa jinsi sentensi zilivyokaa. Kisha nikaenda chooni nikanawa uso mara tatu.

Ijumaa nilijaribu ujanja. Nilimpelekea jaji faili nikamwambia kwamba ile sahihi haifanani na sahihi ya mama huyu kwenye karatasi zingine. Nilitaka nyumba ipone bila mimi kuonekana. Jaji wangu ni mtu mkavu, anakunywa chai bila sukari na bila maneno. Alitazama, akavua miwani.

“Avocat wake alisema kintu juu ya signature?”

“Hapana, Tata.” Wakili wake hakuwa ameigusa sahihi hata kwa neno moja.

“Basi. Kintu chenye hakiko mu dossier, mi sikijue.”

Akanirudishia faili: lisiloandikwa humo, kwake halipo. Rasimu anaitaka kesho Jumatatu.

Jana nilishinda na kitabu cha sheria hapa mezani. Nilikuwa natafuta sijui nini, labda ruhusa ya kunyamaza. Nikakuta kitu kingine. Sheria inataja watu wanaoweza kupokea hati nyumbani kwako kama wewe haupo: ndugu yako, mkwe wako, mtumishi wako, na wakikosekana hao, jirani. Nilipitisha kidole kwenye mstari ule mara nne. Shakena hayumo. Mimi siishi pale; ujirani wetu uliisha zamani, hata siku ile nilikuwa tayari ninapanga ng’ambo ya mji. Si jirani, si mtumishi. Kwa macho ya sheria, siku ile karatasi iliachiwa mpita njia. Na kama iliachiwa mpita njia, siku thelathini hazikuanza, rufaa haikuchelewa, na nyumba ya Mama Ngalula inaweza kupona.

Niliruka kutoka kwenye kiti. Nikashika kalamu niandike maelezo yangu kwa jaji, yote, tangu pikipiki hadi kabati la sahani. Nilifika mahali ambapo lazima iwepo sentensi moja, bila hiyo maelezo yote hayana kazi. Sina undugu wowote na mama huyu.

Nikaweka kalamu.

Leo baada ya misa nilikwenda kwake, mvua ikinipiga njia nzima. Nilimkuta anachagua maharagwe kwenye ungo. Nikamwambia kila kitu kwa mkupuo, nikitegemea kwamba atashtuka kusikia ni sahihi yangu iliyomfunga. Hakushtuka. Hata mkono haukusimama.

“Shakena, mi nilijua tangu mwanzo,” alisema. “Ule mukanda, ile karatasi, wewe njo ulinipatia. Avocat aliniuliza nani alisaini, nikamwambia sijue, na asiseme kintu juu ya ile signature. Ulikuwa unaingia ku kazi juma ile. Ningesema ni wewe, bangekufukuza.”

Nililia. Sina namna nyingine ya kuiandika. Mwanamke huyu alisimama mbele ya wakili wake akajifanya hajui, ili mimi niwe na meza, na kiti, na jaji wa kunifutia sentensi. Na mimi Alhamisi nilikuwa nachapa ukurasa wa kumtoa ndani ya nyumba yake.

Nikamwambia kwamba kazi si kitu, nitamwambia jaji. Akatikisa kichwa, ila nikaona ananikubalia kidogo kidogo. Kwenda kubanana na binti yake kwenye vyumba viwili kule Dilolo hakumfurahishi, hata asiposema. Kisha, kwa kuwa sijui kunyamaza panapostahili, nikamweleza ile sentensi.

Hapo mkono ukasimama.

“Utaandika nini?”

Nikarudia. Nikaeleza kuwa ni maneno ya sheria tu, kuwa sheria inaangalia damu na ndoa, kuwa hayabadilishi kitu kati yetu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia ubaya wake. Alisukuma ungo pembeni.

“Mu kilio ya Kalala ulikala na mi ku mukeka,” alisema. “Bantu bote baliona. Leo utaandika mu mukanda ya tribunal kama hatujuane?”

“Mama, ni juu ya nyumba yako.”

“Sema yote. Useme ulisaini, useme ulisahau, bakupe azabu, mi nitakuya kukuombea. Lakini ile sentensi, hapana. Nyumba iende.”

Nilijaribu tena, akaniambia mvua inazidi, niende kabla njia haijaharibika. Alinipa mwavuli wake. Hakunisindikiza mlangoni, naye hajawahi kuniacha nitoke peke yangu.

Sasa nimekaa hapa, viatu vimelowa, na sijui kitu. Nyumba ni yake. Je, ana haki ya kuitupa kwa ajili ya neno? Neno ni letu wote wawili. Je, nina haki ya kulitoa kwa ajili ya nyumba? Nikinyamaza, ninabaki na kazi na ninabaki shakena wake, na yeye analala kwa watu. Nikisema nusu, kama anavyotaka, jaji atafikiri mimi ni jamaa, ataona hati ilifika mikono halali, nami nitapoteza kazi bure na nyumba itakwenda vilevile. Nikisema yote, kazi pengine inakwenda, faili pengine linahamia kwa jaji mwingine, nyumba pengine inabaki. Pengine, pengine. Miezi saba nimemsaidia mtu kuamua mambo ya wengine na sikuwahi kugundua kwamba sijui kuamua.

Na lililo baya zaidi: sijui ni sentensi ya uongo au ya kweli. Kwenye kitabu ni kweli tupu. Kwenye mkeka ule ingekuwa uongo mkubwa kuliko yote niliyowahi kusema.

Saa kumi kasoro. Simu imelia hapa nikiandika. Ni ujumbe wa jaji, anauliza kama rasimu iko tayari. Vidole vyangu vimejibu kabla yangu: “Tata, signature ya huyu mama ni yangu. Yeye alikuwa ku Dilolo. Mi njo nilipokea.”

Nimetuma.

Alama mbili zimegeuka bluu. Ameandika, ameacha, ameandika tena. Nilitegemea hasira, au niambiwe nisije kesho. Jaji wangu hana maneno mengi. Ameuliza jambo moja tu, lile ambalo jaji yeyote mzuri lazima aulize kwanza:

“Ni ndugu yako?”

Nimelitazama swali hilo hadi kioo kikazima. Nimekiwasha tena. Nimewaza vitenge viwili vya aina moja. Nimewaza uso wake juu ya ungo. Nimewaza shemeji akikata ule mparachichi ili apate nafasi ya kuegesha gari.

Nimejibu: “Hapana, Tata. Si ndugu yangu.”

Ameandika, “Kuya kesho saa moja na nusu.” Basi.

Nitakwenda. Jaji atanifanya atakalo. Lakini baada ya hapo nitatoka na kushika njia ya nyumba ya Mama Ngalula, nirudishe mwavuli, na nikifika mlangoni atauliza ni nani. Miaka yote hii nimemjibu “Shakena wako” bila kufikiri. Kesho sijui nitasema mimi ni nani.