Wali Uliobaki Dumila

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Magole hatujambo. Mguu wa babu yako unapona, na mahindi yameanza kubeba.

Umeniuliza kama ufunge genge lako kwa sababu ya deni. Usifunge. Ngoja nikueleze la kwangu, ambalo hata mama yako halijui.

Nilipokuwa mama lishe pale stendi ya Dumila, shoga yangu Mama Rehema wa Tindiga alinikopesha magunia matatu ya mchele. Kila akiuliza, nilimwambia biashara ngumu. Na kila siku nilipika sufuria kubwa, kwa kuogopa wenzangu wataniona nimefilisika. Wali ukibaki, nawamwagia nguruwe wa jirani.

Jioni moja alinikuta namwaga. Hakugomba. Aliutazama ule wali, akauliza, "Huu ndio ule wangu?"

Kesho yake nikaazima sufuria ndogo. Chakula kikaisha saa nane, wenzangu wakanicheka. Mchele niliopunguza kila asubuhi niliuweka kwenye debe, na debe likijaa nampelekea. Ilichukua misimu miwili.

Debe la mwisho alilipokea kwa mikono miwili, akanishukuru. Lakini zamani kila akishuka Dumila alikula kwangu. Tangu jioni ile alikuwa akipita na kikapu chake, ananisalimia vizuri, halafu anakwenda kula banda la pili.

Namba ya anayekudai unayo. Mpigie leo, kabla hajaja mwenyewe.

Bibi yako